Tom Mboya Alikuwa ENTJ, na Kama Unabisha Soma Hadi Mwisho

Ukipanga kukutana na mtu tao, kuna uwezekano mkubwa mtapatana hapo kwa sanamu ya Tom Mboya, Moi Avenue. Umekaa ukingoja msee amechelewa, simu iko karibu kuzima, na hujawahi kujiuliza huyo jamaa alikuwa mtu wa aina gani. Mimi nimejiuliza. Na juzi mbogi yetu ilipomuita ENFJ kwa sababu tu alikuwa na mdomo mtamu, nikasema zii, hii lazima niiongelee.

Kwanza tuwe rada moja. Hizi herufi nne mzizi wake ni Carl Jung, daktari wa Uswisi aliyetoa kitabu kuhusu aina za watu mwaka wa 1921. Wanasayansi wengi hawaziamini sana, na sikatai. Lakini ukizitumia vizuri, swali si mtu anaongea aje, ni akili yake hushika nini kwanza. ENFJ huanza na watu: nani ameumia, tumtulize vipi. ENTJ huanza na Te, yaani mpango: nani anafanya nini, lini, na kwa doo ya nani. Nyuma ya Te kuna Ni, ambayo mimi huita machale, ile kuona kitu kabla kifike. Inafuata Se, macho ya hapa na sasa. Mwisho kabisa, kwa kona yenye giza, kuna Fi, hisia za ndani.

Sasa muangalie Mboya. Alizaliwa 15 Agosti 1930 kwa shamba la mkonge karibu na Thika, fathe yake akiwa msimamizi hapo. Shule ya Mang'u aliiacha kwa sababu ya karo, akaenda kusomea ukaguzi wa afya. (Mimi pia niliacha college, so hapa tunaelewana, ingawa mimi sikutoka nikaenda kuunda chama cha wafanyakazi.) Siku moja akiwa kazini Nairobi, mama mzungu aliingia maabara na chupa ya maziwa, akamkuta yeye peke yake, halafu akauliza kama hakuna mtu. Mboya naye akamuuliza kama macho yake yako sawa.

Angeishia hapo, ingekuwa tu stori ya kuchekesha wasee. Lakini jamaa aliwapanga wafanyakazi wenzake, na kufikia 1953, akiwa na miaka 23, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Kumbuka hiyo ilikuwa Hali ya Hatari. Serikali ya mkoloni ilikuwa imepiga marufuku chama cha KAU, viongozi wako ndani. Chama cha wafanyakazi ndio mlango ulikuwa umebaki wazi, na Mboya akauona. Mwaka wa 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma, akateremka huko, akakaa mezani na waajiri, watu wakarudi kazini na nyongeza ya mshahara. Kufikia 1957 yuko bungeni. Mwaka uliofuata, akiwa 28, ndiye mwenyekiti wa mkutano wa Waafrika wote kule Accra, kwa Nkrumah.

Lakini ushahidi wenye hunimaliza ni ile ndege. Septemba 1959 wanafunzi 81 walitoka Nairobi wakaenda Marekani kusoma. Mboya mwenyewe hakuwa na digrii. Alikuwa amesoma mwaka mmoja tu Ruskin College, Oxford. Alizunguka Marekani akihutubia na kuomba nafasi za masomo, chuo baada ya chuo, kisha akatafuta nauli. Mwaka wa 1960 alimuendea John F. Kennedy, wakati huo bado seneta, na wakfu wa familia ya Kennedy ukatoa dola 100,000. Wangari Maathai alienda na kundi la mwaka huo. Hiyo ni Te na Ni zikishikana mkono: uhuru unakuja, ofisi zitabaki bila watu wa kuziendesha, basi anza kuhesabu viti vya ndege sasa.

Na ile kona yenye giza? Twende Limuru, 1966. Kiti cha makamu wa rais wa KANU, chenye kilikuwa cha Jaramogi Odinga, kiligawanywa kuwa viti 8. Katibu mkuu wa chama alikuwa Mboya, na yeye ndiye alikuwa fundi wa hiyo mipango. Jaramogi akahama, akaongoza KPU. Kwa karatasi, kazi safi. Lakini Jaramogi alikuwa mkubwa wa nyumbani, na Waluo wengi hawakumsahaulia Mboya hiyo. Na wale aliowasaidia hawakumpenda zaidi. Walianza kumuona kama mtu anayeweza kukalia kiti Mzee Kenyatta akitoka. Mboya alijua kuhesabu kura kuliko wote, ila sidhani alihesabu hizo roho. Fi ilikuwa imelala.

Jumamosi, 5 Julai 1969, alitoka kwa duka la dawa kwenye barabara hiyo hiyo, enzi hizo ikiitwa Government Road, akapigwa risasi. Alikuwa na miaka 38. Nahashon Njenga alihukumiwa kunyongwa, lakini kama alitumwa, na nani, korti haikutuambia.

Misa ya Mboya ilikuwa Holy Family. Watu walifurika barabarani, polisi wakarusha vitoa machozi, kisha mwili ukasafirishwa hadi kisiwa cha Rusinga, na njiani watu wakajipanga kumuaga, hata wale walikuwa bado wanamkasirikia kwa mambo ya Limuru. Team ENFJ najua mtanishika hapo: mbona walie hivyo kama jamaa hakuwa mtu wa hisia? Mimi naona walimlilia kwa ile nyongeza, na kwa mtoto wa jirani aliyepanda ndege. Lete ushahidi wako tubishane.