Baker: Afisa wa misitu aliyegeuza ngoma ya Muguga kuwa kiapo cha kulinda miti

YEYOTE asafiriye kutoka Kinoo kuelekea Limuru kwa barabara kuu ya Nakuru huzipita Muthiga na Gitaru kabla ya kufika Muguga. Ni mwendo mfupi wa matatu, na pande zote mbili nyumba za kupangisha zimemeza mashamba yaliyokuwa yakilimwa mahindi na viazi.

Ni katika viunga hivyo ambapo, mnamo Jumamosi ya Julai 22, 1922, maelfu ya vijana Wakikuyu walikusanyika karibu na makazi ya afisa wa misitu wa serikali ya kikoloni. Hawakuitwa kulipa kodi ya nyumba wala kuandikishwa kipande. Waliitwa kucheza ngoma.

Aliyewaalika alikuwa Richard St. Barbe Baker, Mwingereza aliyekuwa na umri wa miaka 32. Kabla ya jua kutua siku hiyo, vijana 50 walikuwa wamejitolea kupanda na kutunza miti bila kulazimishwa na mtu. Kundi hilo lilipewa jina la Kiswahili, Watu wa Miti, na jina hilo likaja kutafsiriwa kwa Kiingereza na kuenea katika mabara mbalimbali.

Mwana wa mwenye bustani

Baker alizaliwa Oktoba 9, 1889 katika kijiji cha West End, karibu na mji wa Southampton, kusini mwa Uingereza. Babake alikuwa na kitalu cha miche, na mtoto huyo alijifunza kupandikiza miti tangu akiwa mdogo mno.

Katika kumbukumbu alizoandika uzeeni, alisimulia jinsi alivyopotea msituni akiwa na umri wa miaka mitano hivi. Badala ya kuingiwa na hofu, alijihisi yu nyumbani. Aliamini kwamba siku hiyo ndiyo iliyoamua mkondo wa maisha yake yote.

Akiwa kijana wa miaka 20 hivi alivuka bahari hadi Kanada, akajiunga na Chuo Kikuu cha Saskatchewan kilichokuwa kingali kichanga mjini Saskatoon. Ili kujikimu, alifanya kazi ya kukata magogo katika misitu iliyo karibu na Prince Albert.

Huko aliyaona mambo mawili yaliyomkera. La kwanza ni jinsi miti ilivyoangushwa kwa fujo, mingine ikiachwa ioze. La pili ni jinsi wakulima walivyofyeka kila kichaka katika nyanda za nyasi, kisha upepo ukaja na kuupeperusha udongo.

Alirejea Uingereza kusomea uchungaji mjini Cambridge, lakini Vita vya Kwanza vya Dunia vikamkatiza. Alipigana nchini Ufaransa katika kikosi cha mizinga, akajeruhiwa, na mnamo 1918 akaondolewa jeshini. Baadaye alisomea taaluma ya misitu, na mnamo 1920 akatumwa Kenya kuwa naibu mhifadhi wa misitu.

Nchi yenye majeraha

Kenya aliyoikuta Baker haikuwa shwari. Mwaka huo wa 1920 ndipo ilipotangazwa rasmi kuwa koloni. Sheria ya ardhi ya 1915 ilikuwa imeiweka ardhi chini ya mfalme wa Uingereza, na Waafrika wakawa kama wapangaji katika mashamba ya babu zao.

Wakazi wa Kiambu walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi, kwani sehemu kubwa ya mashamba yao ilikuwa imegawiwa walowezi tangu miaka ya mwanzo ya karne hiyo. Wanaume walilazimishwa kubeba kipande. Machifu nao walishinikizwa kutafuta vibarua wa kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu.

Mnamo Machi 1922, miezi minne tu kabla ya ngoma ya Muguga, Harry Thuku alikamatwa kwa kupinga dhuluma hizo. Umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ulifyatuliwa risasi na watu wengi wakauawa, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru.

Katika hali kama hiyo, afisa wa serikali aliyetaka watu wapande miti alikuwa na njia nyepesi. Angeandika amri, chifu angeisoma barazani, na askari wangehakikisha imetekelezwa. Baker alikataa njia hiyo. Alitambua kwamba mche uliopandwa kwa amri hauna mwenye kuumwagilia maji siku ambayo askari hayupo.

Isitoshe, bajeti ya idara yake haikutosha kuwalipa watu wengi. Alihitaji mikono ya hiari.

Ngoma ya miti

Alipowaendea wazee na vijana, jibu alilopata halikumpendeza. Waliona kwamba kupanda miti ya msituni si kazi ya binadamu. Misitu ilikuwepo tangu enzi za mababu, na Mungu ndiye aliyeiotesha.

Baker hakuwadharau. Alikuwa amechunguza mila zao na kuona kwamba kila shughuli kubwa ya mwaka ilikuwa na ngoma yake. Kulikuwa na ngoma wakati wa kupanda maharagwe na ngoma wakati wa kuvuna. Akauliza kwa nini miti isiwe na ngoma yake pia.

Aliyemsaidia kulifikisha wazo hilo kwa jamii ni Josiah Njonjo, aliyekuja kuwa chifu mashuhuri wa eneo hilo na babake Charles Njonjo, Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Kenya huru. Njonjo ndiye aliyekuwa daraja kati ya mgeni na wenyeji, na bila yeye ni vigumu kuona jinsi wazee wangelikubali jambo hilo.

Zawadi ziliahidiwa. Kijana aliyejipamba vizuri zaidi angepewa fahali aliyenona, na msichana mrembo kuwashinda wenzake angepata mkufu wa shanga. Kulingana na hesabu ya Baker mwenyewe, vijana wapatao 3,000 walifika.

Baada ya ngoma, aliwaeleza jinsi misitu ilivyokuwa ikirudi nyuma na jinsi chemchemi zilivyokauka pale miti ilipoondolewa. Kisha akaomba watu wa kujitolea. Ndipo wakachaguliwa wale 50.

Walikula kiapo mbele za Ngai. Kila mmoja aliahidi kupanda miti kumi kwa mwaka, kutunza miti popote atakapoikuta, na kutenda jambo moja jema kila siku. Walipewa beji yenye picha ya mti na neno la Kikuyu, Twahamwe, lenye maana ya kushikamana pamoja.

Ukipiga hesabu, vijana 50 kwa miti kumi ni miti 500 kwa mwaka. Ni kiasi kidogo mno kikilinganishwa na kile ambacho shoka na moto vilikuwa vikiangamiza. Lakini uzito wa kiapo ulikuwa katika ahadi ya pili, ile ya kutunza, kwa maana haikuwa na idadi wala mwisho. Aliyeila alijifanya mlinzi wa kila mti aliopita karibu nao.

Miche waliyoiotesha ilikuwa hasa ya miti ya asili, ikiwemo mutarakwa, yaani mwerezi, na mutamaiyu, yaani mzeituni wa mwituni. Hii ni miti inayokua polepole. Anayeipanda hujua kwamba watakaokaa kivulini mwake ni wajukuu.

Kitendawili cha afisa mwema

Hata hivyo, hadithi ya Baker ina upande ambao wasifu wake mwingi huupita haraka. Alikuwa mtumishi wa serikali iliyowanyang'anya Wakikuyu ardhi, kisha ikawalaumu kwa kufyeka vichaka vilivyobaki ili wapate mahali pa kulima. Misitu ambayo vijana waliapa kuilinda ilikuwa, kwa mujibu wa sheria, mali ya mfalme aliye mbali.

Kwa miongo mingi iliyofuata, mwanakijiji aliyeokota kuni bila kibali angeweza kushtakiwa, ilhali wenye viwanda vya mbao walipewa leseni ya kuvuna magogo. Kiapo kiliwapa vijana wajibu wa msitu, lakini hakikuwapa haki juu yake. Huenda ndiyo sababu Watu wa Miti walipata sifa kubwa zaidi ughaibuni kuliko walivyokumbukwa nyumbani.

Baker mwenyewe alionekana kuguswa na jambo hilo. Vitabu alivyoandika miaka ya hamsini, kikiwemo Kabongo cha 1955 na Kamiti cha 1958, viliwaweka Wakikuyu katikati ya masimulizi, wakati ambapo magazeti ya Uingereza yaliwataja tu kwa ajili ya vita vya Mau Mau.

Safari ya dunia nzima

Mwaka wa 1924 Baker alikuwa London, ambako tawi la Uingereza la Watu wa Miti lilianzishwa. Mwaka huo huo alizungumza kuhusu imani za Kiafrika katika kongamano la dini, na ni hapo alipoifahamu imani ya Bahai aliyoifuata hadi kufa.

Kuanzia 1925 alihudumu Nigeria, na mnamo 1929 akaenda Palestina kuhimiza upandaji wa miti. Miaka ya thelathini alishiriki kampeni ya kuokoa miti mirefu ya redwood katika jimbo la California, Marekani. Kati ya 1952 na 1953 aliongoza msafara uliovuka jangwa la Sahara, akitafuta njia ya kulizuia lisiendelee kusonga kwa kuzungushia mapori ya kupandwa.

Umri haukumzuia. Mnamo 1963, akiwa na miaka zaidi ya 70, alizunguka New Zealand kwa farasi kutoka upande mmoja hadi mwingine, akisimama shuleni kuwazungumzia watoto kuhusu miti.

Juni 5, 1982, Siku ya Mazingira Duniani, alipanda mti wake wa mwisho katika chuo kikuu alichosomea ujanani mjini Saskatoon. Siku nne baadaye, Juni 9, alifariki akiwa na umri wa miaka 92, akazikwa katika mji huo huo.

Kazi isiyoisha

Huko Saskatoon uko msitu uliopandwa na baraza la mji miaka ya sabini na kupewa jina la Baker. Kwa muda mrefu sehemu zake ziligeuzwa jaa la taka na uwanja wa magari. Waliounusuru ni wakazi waliojitolea kuzoa taka, kufungua vijia na kuwaelimisha wageni. Hata msitu wenye jina la mtu mashuhuri uliharibika ulipokosa mtunzaji.

Humu nchini somo hilo limejirudia. Mnamo Juni 5, 1977, Profesa Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, tukio lililozaa vuguvugu la Green Belt. Mingi kati ya miti hiyo haikudumu. Maathai alijifunza kwamba mche bila mwangalizi ni kijiti tu, na tangu hapo akawakabidhi kazi hiyo wanawake wa vijijini waliokuwa na haja nao.

Mnamo Januari 1999 Maathai alipigwa na kujeruhiwa akiutetea msitu wa Karura dhidi ya wanyakuzi. Msitu huo ulipona, na leo wakazi wa Nairobi hutembea na kuendesha baiskeli katika vijia vyake. Wapo wanaojitolea kung'oa magugu ya kigeni, kuokota taka na kupanda upya miti ya asili. Katika bustani ya miti ya Nairobi, iliyoanzishwa 1907, wananchi wa hiari pia wamekuwa wakisaidia kwa miaka mingi.

Tofauti kubwa kati yao na vijana wa 1922 iko katika sheria. Sheria ya Misitu ya 2005, na ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake, zilizipa jamii nafasi ya kuunda vyama na kushirikiana na serikali kusimamia misitu. Kile ambacho kiapo cha Muguga hakikuweza kutoa, angalau sasa kimeandikwa.

Muguga yenyewe haijasahaulika kabisa. Ndipo yalipo makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Misitu nchini, KEFRI, iliyoundwa 1986. Watafiti wake huchunguza mbegu za miti ile ile ya asili ambayo Watu wa Miti waliiotesha vitaluni.

Karne moja imepita na zaidi. Katika mitaa ya Kinoo, ambako kila kipande cha ardhi kina bei na kila kona inasubiri kujengwa ghorofa, ahadi ya kupanda miti kumi kwa mwaka ingewatatiza wengi kwa kukosa mahali pa kuipanda. Ahadi ya pili haihitaji shamba. Mti ulioko kando ya barabara, shuleni au kanisani bado unamsubiri mtu wa kuumwagilia maji wakati wa kiangazi, na hakuna sheria inayomlazimisha kufanya hivyo.