Masataka Taketsuru: Mjapani aliyeifuata ladha ya moshi hadi kaskazini

Masataka Taketsuru alifariki dunia Agosti 29, 1979, akiwa na umri wa miaka 85. Alizikwa Yoichi, mji mdogo wa pwani katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani, kando ya mkewe Rita, mwanamke wa Kiskoti aliyemtangulia kwa miaka 18. Kaburi lao liko kilimani, juu ya mji ambako alijenga kiwanda chake cha wiski.

Wajapani wengi humwita baba wa wiski ya nchi yao. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia akitengeneza kinywaji ambacho wenzake hawakukipenda. Aliporejea kutoka Uskoti alikuwa na hakika kuhusu ladha ya wiski ya kweli. Wanunuzi nao walikuwa na hakika yao, na hakika hizo mbili zilivutana kwa takriban miaka 40.

Pua ya mtoto wa mpika sake

Taketsuru alizaliwa Juni 20, 1894, katika mji wa Takehara, mkoani Hiroshima. Familia yake ilitengeneza sake, pombe ya mchele ambayo ni kinywaji cha jadi cha Wajapani. Katika nyumba ya namna hiyo, mtoto hujifunza mapema kwamba pua hufanya kazi kabla ya ulimi. Harufu ya mchele unaochacha humwarifu mpikaji kama mambo yanakwenda sawa au yameharibika.

Akiwa mdogo alianguka kwenye ngazi na kuumia vibaya puani. Mwenyewe aliamini, hadi uzeeni, kwamba tangu siku hiyo pua yake iliweza kunusa harufu ambazo wengine hawakuzihisi.

Alisomea utengenezaji wa pombe mjini Osaka, na mwaka 1916 akaajiriwa na kampuni ya Settsu Shuzo. Wakati huo karibu kila kilichouzwa kama wiski ya Kijapani kilikuwa ni spiriti iliyotiwa rangi, sukari na manukato. Wenye kampuni waliona kwamba siku moja wateja wangeuchoka udanganyifu huo. Mwaka 1918 wakamtuma kijana huyo wa miaka 24 kwenda Uskoti kujifunza kazi yenyewe.

Daftari na kalamu

Alisafiri kwa meli kupitia Marekani na kuwasili Glasgow mwishoni mwa mwaka huo, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imemalizika wiki chache tu. Alihudhuria masomo ya kemia chuoni, lakini alitambua haraka kwamba wiski haifundishwi darasani. Akaenda kaskazini, mjini Elgin, kumtafuta mtaalamu aliyekuwa ameandika kitabu kikubwa kuhusu fani hiyo. Ada aliyotajiwa ilizidi uwezo wake. Akaanza kubisha hodi kwenye viwanda, kimoja baada ya kingine.

Kiwanda cha Longmorn kilimpokea kwa siku chache katika majira ya kuchipua ya mwaka 1919. Baadaye alipata nafasi Bo'ness, na mwaka 1920 akafanya kazi kwa miezi kadhaa katika kiwanda cha Hazelburn, mjini Campbeltown. Kila alichokiona alikiandika na kukichora daftarini: umbo la mitambo, vipimo vya joto, saa za kazi, hata namna wafanyakazi walivyolipwa.

Aliona jinsi shayiri inavyoloweshwa hadi ichipue na kuwa kimea, kisha ikakaushwa kwa moto. Uskoti moto huo mara nyingi uliwashwa kwa udongo mweusi wa vinamasi, unaotokana na mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka, ambao hukatwa vipande, hukaushwa na kuchomwa kama kuni. Moshi wake huingia ndani ya kimea na hautoki tena. Kimea husagwa, huchanganywa na maji moto na kuchachushwa kwa hamira. Kisha hukenekwa, yaani huchemshwa ili mvuke wake ukusanywe na kupozwa, kwa njia inayofanana na ile ya gongo, chang'aa au waragi. Tofauti kubwa huja baadaye, kwa kuwa wiski haiuzwi ikitoka mtamboni. Huwekwa ndani ya mapipa ya mwaloni na kusubiri miaka, huku mbao zikiipa rangi, utamu na harufu mpya.

Uskoti ulimpa pia mke. Januari 8, 1920, alifunga ndoa ya kiserikali mjini Glasgow na Jessie Roberta Cowan, aliyejulikana kama Rita, binti wa daktari wa mji wa Kirkintilloch. Familia zote mbili hazikuridhia. Mwishoni mwa mwaka huo wawili hao waliwasili Japani.

Wiski yenye harufu ya kuungua

Japani aliyoikuta Taketsuru ilikuwa katika mdororo wa uchumi uliofuata vita, na kampuni yake haikuwa tena na fedha za kujenga kiwanda. Alijiuzulu mwaka 1922, akafundisha kemia shuleni huku Rita akifundisha Kiingereza na piano.

Mwaka 1923 alitafutwa na Shinjiro Torii, mfanyabiashara wa Osaka aliyetajirika kwa kuuza mvinyo mtamu uliotengenezwa kwa kufuata ladha ya Wajapani. Torii alimpa mkataba wa miaka 10. Pamoja walijenga kiwanda cha Yamazaki, kati ya Kyoto na Osaka, kilichoanza uzalishaji mwaka 1924. Taketsuru angependelea Hokkaido, ambako hali ya hewa inafanana na ya Uskoti. Torii alitaka kiwanda kiwe karibu na wateja.

Mwaka 1929 wiski yao ya kwanza, Shirofuda, iliingia sokoni, nayo haikupendwa. Wanywaji waliozoea sake laini na mvinyo mtamu walilalamika kwamba kinywaji hicho kilikuwa na harufu ya kitu kilichoungua.

Hapo ndipo njia za wawili hao zilipoanza kuachana. Kwa Torii, malalamiko ya mnywaji yalikuwa maagizo: kinywaji kinachonywewa Japani, pamoja na chakula cha Kijapani, hakina budi kuukubali ulimi wa Kijapani. Kwa Taketsuru, moshi ulikuwa sehemu ya wiski yenyewe. Aliona kwamba wateja walihitaji muda wa kuuzoea, na kwamba wiski nayo ilihitaji miaka zaidi ndani ya mapipa. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake ya ukweli. Mwaka 1937 Torii alifanikiwa sana na Kakubin, wiski nyepesi zaidi ambayo bado inauzwa hadi leo. Kufikia wakati huo Taketsuru alikuwa ameshaondoka.

Juisi ya tufaha kwanza

Mkataba ulipokwisha mwaka 1934, alikwenda Yoichi, takriban kilomita 50 magharibi mwa Sapporo. Alikuta huko baridi, hewa yenye unyevunyevu wa bahari, maji safi, makaa ya mawe na ule udongo wa vinamasi alioutafuta.

Wiski, hata hivyo, haimlishi mtu katika miaka yake ya mwanzo. Ili kampuni iweze kuishi huku mapipa yakisubiri, Taketsuru alinunua tufaha za wakulima wa Yoichi na kuuza juisi. Jina la kampuni lilimaanisha Juisi ya Matunda ya Japani Kuu, na ufupisho wake ndio uliozaa jina Nikka. Uwezo wake ulitosha kununua mtambo mmoja tu wa shaba, ambao kwa kawaida huhitajika miwili. Alilazimika kuutumia huohuo kwa hatua zote mbili za kukeneka. Aliuwashia moto wa makaa ya mawe moja kwa moja chini yake, desturi inayoendelea Yoichi hadi sasa na inayoipa wiski ya huko uzito wake.

Chupa za kwanza za Nikka ziliuzwa mwaka 1940. Muda si muda vita vikapamba moto. Jeshi la wanamaji lilinunua wiski yake, na kiwanda kikaokoka. Rita ndiye aliyebeba mzigo mzito zaidi. Alikuwa raia wa Japani, akivaa kimono na kupika vyakula vya Kijapani kwa ustadi, lakini uso wake ulikuwa wa nchi ya adui. Alishukiwa kuwa jasusi, nyumba yao ikapekuliwa, na majirani wengine wakamkwepa.

Jaribu la wiski ya bei nafuu

Amani ilileta jaribu la aina nyingine. Nchi ilikuwa maskini, na soko lilijaa wiski za daraja la tatu, ambazo sheria iliruhusu ziwe na chini ya asilimia 5 tu ya wiski halisi au zisiwe nayo kabisa. Taketsuru alikataa kuzitengeneza. Lakini kampuni ilikuwa ikizama na wafanyakazi walikuwa na familia. Mwaka 1950 alikubali, kwa shingo upande. Alijiwekea masharti mawili: angetia wiski halisi hadi kikomo kilichoruhusiwa na daraja hilo, na asingetumia manukato ya bandia.

Rita alifariki Januari 1961, akiwa na umri wa miaka 64. Taketsuru alijifungia katika kazi pamoja na Takeshi, mpwa wake aliyemlea kama mwana. Mwaka uliofuata walitoa Super Nikka, wiski iliyotiwa katika chupa zilizopulizwa kwa mkono, ambayo wengi huitazama kama kumbukumbu ya mke huyo.

Glasi ya jioni

Mtu angetarajia kwamba mzee huyu, aliyegombana na soko kwa sababu ya moshi, alikunywa wiski yake kavu na ya bei ghali zaidi. Haikuwa hivyo. Inasimuliwa kwamba kinywaji chake cha kila siku kilikuwa Hi Nikka, wiski ya bei nafuu aliyoitoa mwaka 1964, kwa kuwa hiyo ndiyo waliyokunywa wateja wake wengi. Aliichanganya na maji, sehemu moja ya wiski kwa sehemu mbili za maji, na kuinywa taratibu jioni. Inasemekana alimaliza chupa nzima kwa siku, na uzeeni akapunguza hadi theluthi mbili. Ni kiasi ambacho daktari yeyote angekikemea.

Kuchanganya na maji ndiyo desturi iliyoenea katika nyumba na mabaa ya Japani katika miaka hiyo. Iliifanya wiski ikaribie ukali wa sake na iweze kukaa mezani pamoja na samaki na wali. Lakini mabingwa wa kuonja nao hutumia maji, kwa sababu nyingine. Kileo kikali huchoma pua na kuficha harufu. Maji yakiongezwa, harufu hufunguka: tunda, mbao, na ule moshi.

Taketsuru aliyategemea maji hayo hata katika uamuzi mkubwa kabisa. Mei 1967, akiwa na miaka 72, alifika katika bonde moja karibu na Sendai akitafuta mahali pa kiwanda cha pili. Aliteka maji ya mto, akayachanganya na wiski yake, akaonja, na papo hapo akaamua. Kiwanda cha Miyagikyo kilianza kazi mwaka 1969, nacho hutoa wiski laini kuliko ile ya Yoichi. Hakukijenga ili kuibatilisha ladha ya zamani. Alitaka apate ladha mbili za kuchanganya.

Mwaka 2001, miaka 22 baada ya kifo chake, wiski ya Yoichi iliyokaa miaka 10 katika pipa moja ilipewa nafasi ya kwanza katika shindano la jarida la Uingereza la Whisky Magazine, ikizishinda za Uskoti. Kimea cha Yoichi kilikuwa bado kikibeba moshi, uleule ambao wanunuzi wa mwaka 1929 waliukataa.