Alexis Carrel: Daktari Aliyejifunza kwa Fundi wa Kudarizi

Tunapowaombea wagonjwa wanaosubiri kupandikizwa figo, yafaa tumkumbuke Alexis Carrel, daktari mpasuaji aliyeandaa njia hiyo. Alizaliwa mwaka 1873 karibu na Lyon, Ufaransa, katika familia ya Kikatoliki, akasomeshwa na Wajesuiti. Hata hivyo, alipoingia katika masomo ya udaktari imani yake ilipoa.

Mwaka 1894 Rais Sadi Carnot alichomwa kisu mjini Lyon. Mshipa mkubwa wa damu uendao kwenye ini ulikatwa, naye akafa, kwa maana madaktari hawakujua kuushona. Kijana Carrel hakuridhika. Alikwenda kwa mama mmoja fundi wa kudarizi, akajifunza kwake kutumia sindano nyembamba na nyuzi za hariri. Kisha akabuni njia ya kuunganisha mishipa kwa mishono mitatu ya kuivuta, hata mdomo wake wa duara ukawa pembetatu, ukashoneka bila kuvuja. Njia hiyo aliitangaza mwaka 1902.

Mwaka huohuo aliwasindikiza wagonjwa kwenda Lourdes. Huko alimwona Marie Bailly, aliyekuwa mahututi kwa ugonjwa wa tumbo, akipata nafuu mbele ya macho yake. Kanisa halikuutangaza uponyaji huo kuwa mwujiza, na Carrel mwenyewe alibaki na mashaka kwa miaka mingi. Lakini hakukana alichokiona.

Mwaka 1904 alihamia Amerika. Huko Chicago na New York alipandikiza figo za wanyama, akatambua kwamba mshono waweza kufaulu na bado mwili ukakikataa kiungo cha mwingine. Mwaka 1912 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Hatufichi kosa lake. Katika kitabu chake cha mwaka 1935 alitetea kuuawa kwa wahalifu fulani na kuchaguliwa kwa watu wanaofaa kuzaa. Mkono uliojua kuokoa uhai haukuilinda akili yake isiwadharau wanyonge.

Alifariki Paris mwaka 1944, akiwa amerudi katika imani na kupokea sakramenti. Miaka 10 baadaye, mjini Boston, figo ya pacha mmoja ilimwokoa nduguye.

Ndugu wapendwa, Kanisa hufundisha kwamba kutoa kiungo kwa hiari ni tendo la upendo. Tuwaombee wapasuaji wetu: wawe na mikono stadi, na mioyo inayomheshimu kila mgonjwa.