Charlotte Auerbach: Mkimbizi aliyefichua madhara ya siri ya gesi ya sumu

Siku hizi dawa mpya hupimwa kwanza kama inaweza kuharibu vinasaba. Kati ya watu waliofungua njia hiyo yumo mwanamke mkimbizi, Charlotte Auerbach.

Alizaliwa Krefeld, Ujerumani, mwaka 1899. Mwaka 1933 utawala wa Wanazi ukamfukuza kazi ya ualimu kwa sababu tu ni Myahudi. Akakimbilia Edinburgh, Scotland, akasomea elimu ya urithi.

Mwaka 1940, vita vikiwa vimepamba moto, alianza kuchunguza gesi ya haradali. Vidonda vya gesi hiyo vilichelewa kupona, kama vile vya eksirei. Na tayari ilijulikana kwamba eksirei hubadili vinasaba. Je, na gesi nayo?

Aliwapitisha nzi wadogo wa matunda kwenye mvuke wake, kisha akawa anakagua vizazi vyao. Chupa ikikosa wajukuu wa kiume, ujue kuna kinasaba kilichoharibika. Chupa za namna hiyo zilikuwa nyingi mno! Kazi hiyo ilimgharimu: mikono yake iliungua vibaya.

Hata hivyo hakuruhusiwa kusema, maana ilikuwa siri ya vita. Ni mwaka 1946 tu ndipo yeye na mwenzake J. M. Robson walipotangaza kwamba kemikali inaweza kubadili vinasaba.

Baadaye alipinga silaha za nyuklia. Alifariki mwaka 1994 akiwa na miaka 94.