Karamojo Bell, mwindaji aliyehesabu kila risasi

BUNIA – Mwanzoni mwa karne iliyopita, Mahagi, leo eneo la jimbo la Ituri, ilikuwa sehemu ya Lado, nchi iliyokuwa mikononi mwa Mfalme Léopold II wa Ubelgiji hadi kifo chake mwaka 1909. Wawindaji wa Kizungu walimiminika Lado kutafuta pembe za tembo. Mmoja wao alikuwa Walter Bell, maarufu kwa jina la Karamojo, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1880.

Wengi walibeba bunduki kubwa na risasi nzito. Bell alipenda bunduki nyepesi ya milimita 7 na risasi za Kijerumani. Zilikuwa nafuu, hazikuwalemea wapagazi, na baruti yake haikukosa kuwaka. Ili asipoteze hata moja, alipasua fuvu la tembo kwa msumeno, akajifunza ubongo ulipo.

Aliua tembo zaidi ya 1000, wengi wao kwa bunduki hiyo. Alifariki Uskoti mwaka 1954.

Ubahili wake wa risasi ulimtajirisha. Gharama waliilipa tembo. Hata katika Hifadhi ya Okapi, hapa Ituri, majangili wamewaua kwa ajili ya pembe hizo hizo.