Aliacha Oxford Juu ya Karo, Akaishia Kuandikia Waingereza Kamusi: Story ya Samuel Johnson

Kama umewahi kutumwa nyumbani juu ya karo, kaa hapa dakika tano. Hii story inakuhusu.

Mwaka ni 1728. Kijana wa miaka 19 anaingia chuo cha Pembroke, pale Oxford, Uingereza. Jina ni Samuel Johnson. Buda yake, Michael, anauza vitabu kwa mji unaitwa Lichfield, lakini biashara inakufa polepole. Kijana amekula vitabu vya hilo duka hadi walimu wanashangaa. Shida ni doo. Viatu vimepasuka, vidole vya miguu vinachungulia nje. Alikuwa akivuka kwenda chuo jirani, Christ Church, kuchukua notsi za beshte yake, mpaka siku moja akashtukia vijana wa huko wanamwangalia miguu. Hakurudi tena. Kuna msee alimwonea huruma, akamwekea viatu vipya kwa mlango. Ungefanya nini? Johnson alivitupa kwa hasira.

Me naielewa hiyo hasira. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kilichoniuma zaidi ni vile watu walianza kuniangalia.

Miezi kama 13 na mambo yakaisha. Desemba 1729 alirudi nyumbani bila digrii. Mwaka wa 1731 buda akafa, na hakuacha kitu ya maana. Kijana akajaribu ualimu, wapi. Hakuwa na karatasi, halafu mwili wake ulikuwa unarukaruka wenyewe: kichwa, mikono, sauti za ajabu. Wakubwa wa shule waliogopa watoto watamcheka. Uso ulikuwa na makovu ya ugonjwa wa utotoni na jicho moja lilikuwa karibu kipofu.

1735 akaoa Elizabeth Porter, mjane aliyemzidi miaka 20. Wasee walicheka sana. Yeye alimpenda kabisa, akimwita Tetty. Kwa pesa za mama huyo akafungua shule yake mwenyewe pale Edial, na wanafunzi wakawa wa kuhesabu kwa vidole. Ikafungwa. Mmoja wa hao wanafunzi, David Garrick, ndiye aliandamana naye kwenda London 1737 kutafuta maisha. Garrick aliomoka haraka, akawa mwigizaji mkubwa kuliko wote Uingereza. Mwalimu wake akabaki kusota.

Hapa ndipo story inanoga, juu kazi aliyopata ni kama yangu. Alilipwa kuandika chochote kwa gazeti la Edward Cave, The Gentleman's Magazine. Wakati huo ilikuwa marufuku kuchapisha mijadala ya Bunge. Kwa hivyo gazeti lilijifanya linaripoti Bunge la nchi ya kubuni, na Johnson, akiwa chumbani kwake, alitunga hotuba za wanasiasa kutoka kwa vinotsi vichache tu. Wasomaji wakaamini ni maneno yao kabisa! Alipogundua hivyo, aliacha hiyo kazi. Usiku mwingine hakuwa na pesa ya kulala, akizunguka London mpaka asubuhi na beshte yake mshairi Richard Savage.

Sasa elewa jinsi fasihi ya Kiingereza ilivyokuwa inaendeshwa. Kwa karne nyingi mwandishi alihitaji bazuu. Hata Shakespeare, aliyelishwa na tiketi za ukumbi, alimtunukia lodi wa Southampton mashairi yake mawili marefu. Ukiandika kitabu unaweka sifa za tajiri mbele, yeye anakutupia kitu kidogo. Kwa lugha ya mtaa, sponsa.

1746 wauza vitabu wa London walimpa Johnson dili ya kuandika kamusi ya Kiingereza, pauni 1,575. Usidhani ni za kula peke yake, wasaidizi na karatasi zilitoka humo humo. Aliahidi kumaliza kwa miaka mitatu. Wafaransa walikuwa wametumia wasomi 40 na miaka mingi sana! Akatafuta sponsa, Lodi Chesterfield. Akawekwa kungoja nje ya chumba, akapewa pauni 10, ikaishia hapo.

Basi akarudi kejani Gough Square, akapanda juu chini ya paa na wasaidizi sita. Alichukua vitabu vya waandishi wa enzi za Shakespeare, Milton na Dryden, akipiga mistari kwa penseli chini ya sentensi, wao wakinakili. Kila neno lionyeshe vile limetumika. Miaka mitatu ikapita, ikawa sita. Machi 1752 Tetty akafa. Kamusi haikuwa imeisha.

Kabla itoke 1755, Chesterfield akajitokeza gazetini kuisifia, kana kwamba alikuwepo siku zote. Johnson alimwandikia barua ya heshima inayochoma kama pilipili: msaada umechelewa, mke hayuko, siuhitaji tena. Ndani ya kamusi, chini ya neno la sponsa, akaacha kijembe pia. Maneno zaidi ya 42,000, na ukurasa wa mbele jina lake lina digrii. Oxford ilikuwa imempa ya heshima wiki chache kabla. Wale wale.

Umaarufu haukulipa bili. 1756 alikamatwa kwa deni la pauni tano na shilingi 18, akaokolewa na mwandishi Samuel Richardson. Januari 1759 mathe yake akafa Lichfield, na alikuwa hajamwona karibu miaka 20. Ili alipe mazishi, aliandika Rasselas, hadithi ya mwanamfalme wa Ethiopia, jioni za wiki moja. Ethiopia hajawahi kufika, aliijua kupitia kitabu cha padri Mreno alichotafsiri akiwa kijana.

1762 mfalme alimpa pauni 300 kila mwaka, ingawa kamusi yake ilikuwa imeitusi pensheni. Akapumua. Nyumba yake ikajaa watu wasio na pa kwenda. Francis Barber, aliyezaliwa utumwani Jamaica, aliishi naye, akapelekwa shule, na Johnson alipofariki 13 Desemba 1784 ndiye alirithi sehemu kubwa ya mali.

Lakini kuna siku moja ya uzeeni siwezi kuisahau. Zamani buda yake, akiwa mgonjwa, alimwomba aende kuuza vitabu soko la Uttoxeter. Kijana wa Oxford akaona aibu, akakataa. Miaka kama 50 baadaye, daktari wa heshima anayejulikana kote, alisafiri hadi soko hilo, akasimama mahali kibanda cha buda kilikuwa, akavua kofia, na mvua ikamnyeshea kichwani huku watu wakipita wakimshangaa.