Fannie Lou Hamer, Mama Aliyedai Kura

Fannie Lou Hamer alizaliwa tarehe 6 Oktoba, 1917, katika jimbo la Mississippi, nchini Marekani. Wazazi wake walikuwa na watoto 20. Fannie alikuwa kitinda mimba.

Utumwa ulikomeshwa Marekani mwaka 1865. Lakini watu weusi wengi hawakupata ardhi. Walilima pamba katika mashamba ya Wazungu. Baada ya mavuno waligawana pamba na mwenye shamba, kisha mwenye shamba alikata madeni yake. Mara nyingi mkulima alibaki mikono mitupu. Wazazi wa Fannie waliishi hivyo.

Fannie alianza kuchuma pamba akiwa na miaka 6. Alipofika miaka kama 12 aliacha shule ili awasaidie wazazi wake. Hata hivyo, alikuwa amekwisha kujua kusoma na kuandika. Alipokuwa mtu mzima, mwenye shamba alimpa kazi ya kuandika hesabu za wafanyakazi. Aliolewa na Perry Hamer, dereva wa trekta katika shamba hilo, karibu na mji mdogo wa Ruleville.

Kura iliyofungiwa

Siku hizo, karibu kila uchaguzi wa Mississippi ulishindwa na chama kimoja, Chama cha Democratic. Kwa hiyo uchaguzi wenyewe hasa ulifanyika ndani ya chama. Wanachama walipiga kura ya kumchagua mgombea wao. Kura hiyo huitwa kura ya mchujo. Aliyeshinda mchujo alikuwa kama amekwisha kushinda uchaguzi. Watu weusi walizuiwa wasishiriki. Hivyo waliletewa viongozi waliochaguliwa na wengine.

Walizuiwaje? Mtu aliyetaka kujiandikisha alipewa mtihani. Karani alimwonyesha kifungu cha katiba ya jimbo. Alitakiwa akinakili, kisha aeleze maana yake. Karani alikuwa Mzungu, na yeye ndiye aliyeamua nani amefaulu. Mtihani huo haukuwekwa ili kupima elimu. Uliwekwa ili kuwafukuza watu weusi.

Safari ya Indianola

Mwezi wa Agosti, 1962, Bibi Fannie alikwenda kwenye mkutano kanisani. Vijana waliopigania haki waliwaeleza watu kwamba wana haki ya kupiga kura. Bibi Fannie alikuwa na miaka 44. Hakuwa amepata kuelezwa jambo hilo.

Tarehe 31 Agosti, watu 18 walipanda basi kwenda mji wa Indianola kujiandikisha. Bibi Fannie alifanya mtihani akaambiwa ameshindwa. Wakati wa kurudi, polisi walilisimamisha basi. Dereva alitozwa faini. Polisi walidai kuwa basi lile limepakwa rangi ya njano iliyozidi.

Jioni ile ile mwenye shamba alimwambia Bibi Fannie aondoe jina lake au ahame. Alikuwa ametumika pale miaka 18. Alihama usiku huo huo. Siku chache baadaye, nyumba ya marafiki waliompokea ilipigwa risasi 16. Yeye hakuumia, wala hakuacha. Alirudia mtihani, na Januari 1963 akafaulu.

Juni 1963 alikamatwa katika mji wa Winona, pamoja na wenzake, walipokuwa wakirudi kutoka kwenye mafunzo. Alipigwa vibaya sana gerezani. Figo na jicho lake viliumia, naye hakupona kabisa mpaka alipokufa.

Mlango wa chama

Mwaka 1964 watu weusi wa Mississippi waliunda chama chao, kilichokuwa wazi kwa watu wa rangi zote. Mwezi wa Agosti wajumbe wake 68 walisafiri hadi Atlantic City. Huko Chama cha Democratic kilikuwa kikifanya mkutano mkuu wa kumteua mgombea urais. Walidai wapewe viti vya Mississippi, kwa sababu wajumbe wengine walichaguliwa kwa kuwafungia nje watu weusi.

Bibi Fannie alisimama mbele ya kamati akaeleza jinsi alivyofukuzwa na kupigwa. Maneno yake yalionyeshwa katika televisheni. Rais Lyndon Johnson aliogopa kupoteza kura za Wazungu wa kusini. Aliwaita waandishi wa habari ghafla ili televisheni zimwonyeshe yeye. Lakini usiku maneno ya Bibi Fannie yalitangazwa nchi nzima.

Wakuu wa chama walitoa viti 2 tu. Wajumbe walivikataa, wakarudi nyumbani bila kiti hata kimoja.

Lakini kazi yao haikupotea. Chama kiliamua kwamba kuanzia mwaka 1968 hakitapokea wajumbe waliochaguliwa kwa ubaguzi. Mwaka 1965 ilitungwa sheria ya kulinda haki ya kura, na mitihani ile ikafutwa. Kabla ya sheria hiyo, watu weusi walioandikishwa Mississippi hawakufika 7 katika kila 100. Mwaka 1967 walikuwa karibu 60. Mwaka 1968 Bibi Fannie aliketi katika mkutano mkuu wa chama kama mjumbe halali.

Mwaka 1969 alianzisha shamba la ushirika, ili maskini wapate chakula chao wenyewe. Alijua kwamba mtu mwenye njaa hutishwa kwa urahisi. Alifariki tarehe 14 Machi, 1977, akiwa na miaka 59.

Matunda yake

Tangu wakati huo, kura za watu weusi zimekuwa na uzito mkubwa katika mchujo. Lakini hawachagui kama kundi la ng'ombe. Mwaka 1972 mwanamke mweusi, Shirley Chisholm, aligombea. Viongozi weusi kadhaa hawakumuunga mkono, wakamfuata George McGovern. Mwaka 1988 Jesse Jackson, mtu mweusi, alishinda mchujo wa Mississippi, na mwaka 2008 Barack Obama alishinda pia. Mwaka 2020, katika jimbo la South Carolina, wapiga kura weusi wengi walimchagua Joe Biden, Mzungu aliyekuwa ameshindwa katika majimbo ya kwanza. Kura zao zilimwinua, naye akawa Rais.

Mara nyingine humchagua mtu wa rangi yao. Mara nyingine humchagua wanayeona kuwa ataweza kushinda. Wanapima wenyewe na kuamua wenyewe. Haki hiyo ndiyo iliyomfanya Bibi Fannie apande basi kwenda Indianola.

Maswali

1. Kwa nini kura ya mchujo ilikuwa muhimu kuliko uchaguzi wenyewe huko Mississippi?
2. Mtihani wa karani uliwazuiaje hata watu waliojua kusoma?
3. Kwa nini wajumbe walikataa viti 2? Je, ninyi mngevipokea? Jadilianeni.
4. Kuna uhusiano gani kati ya shamba la ushirika na haki ya kura?